Baiodizeli ya Mafuta ya Chipsi Ikigoma: Kusoma Dalili na Kutafuta Chanzo

Baiodizeli ni mafuta ya injini ya dizeli yanayopatikana kwa kuchanganya mafuta ya kukaangia na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki. Mafuta yakikataa kutengana kwenye tangi, wengi hukimbilia kuongeza kostiki. Usifanye hivyo kabla ya kujua kilichokwama. Mzigo, yaani mafuta unayotengeneza kwa mara moja, huharibika kwa sababu chache tu: maji ndani ya mafuta, asidi iliyopimwa vibaya, kostiki au methanoli isiyo na nguvu, na joto au uchanganyaji usiotosha. Dalili za sababu hizi zinafanana, lakini dawa zake zinapingana. Aliyepungukiwa methanoli akiongeza kostiki atapata sabuni, na mwenye maji kwenye mafuta akiongeza kostiki atapata sabuni zaidi. Mwongozo huu ni wa anayetengeneza nyumbani lita 10 hadi 100 kwa mara moja, kwa mafuta ya vibanda vya chipsi, samaki na mandazi.

Kipimo cha kulinganishia

Huwezi kujua kosa liko wapi bila kujua sahihi ni ipi. Kwa kila lita 1 ya mafuta makavu yaliyochujwa:

- Methanoli mililita 220, yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi.
- Kostiki (haidroksaidi ya sodiamu) gramu 5, ukijumlisha gramu za titresheni (kipimo cha asidi ndani ya mafuta, kinaelezwa mbele).
- Joto la nyuzi 55 za sentigredi, kuchanganya saa 1 hadi 2, kisha kutuama saa 12 hadi 24.

Gramu 5 za mwanzo ndizo kichocheo chenyewe. Zinazoongezwa kwa titresheni kazi yake ni kuua asidi iliyozaliwa na ukaangaji, na kila gramu ya asidi inayouawa inageuka sabuni. Mfano: lita 20 za mafuta yenye titresheni ya 2.3 zinahitaji gramu 7.3 mara 20, yaani gramu 146 za kostiki, na lita 4.4 za methanoli. Ukitumia haidroksaidi ya potasiamu badala ya sodiamu, anza na gramu 7 kwa lita, kisha ugawe jumla kwa usafi wake, kwa sababu ile ya madukani mara nyingi ni asilimia 85 hadi 90 tu. Titresheni nayo uifanye kwa sodiamu, kisha uzidishe jibu kwa 1.4 kabla ya kujumlisha.

Mzigo mzuri hutoa matabaka mawili: juu baiodizeli ya rangi ya asali, chini gliserini, masalio mazito ya kahawia iliyokolea. Mafuta lita 1 kwa kawaida huacha gliserini ya mililita 150 hadi 200, maana inabeba pia sabuni na methanoli iliyobaki. Ikiwa pungufu sana, mafuta hayajageuka yote; ikizidi sana na kuwa nzito, una sabuni nyingi.

Kabla ya mzigo mkubwa, fanya lita 1 kwenye chupa nene ya plastiki ngumu, kama ya dumu jeupe la kemikali. Chupa ya soda hulegea kwa joto. Fungua kizibo kidogo kila unapotikisa ili mvuke utoke.

Na haya si ya hiari. Sufuria ya aluminiamu haiguswi na kostiki, kwani inaliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Tumia chuma cha pua, chuma cheusi au plastiki ngumu. Mafuta yapashe moto peke yake, kisha uyaondoe mbali kabisa na jiko kabla methanoli haijafunguliwa. Methanoli huchemka kwa nyuzi 64.7, mvuke wake unashika moto kwa mbali, na mwali wake hauonekani mchana. Barakoa za mkaa hazizuii mvuke huo kwa kutegemewa, kwa hiyo fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Kostiki ndiyo inamwagwa kwenye methanoli, kidogo kidogo, kamwe si kinyume chake. Vaa miwani inayoziba pembeni na glavu ndefu. Methanoli hupenya ngozi, na kumeza kiasi kidogo tu kunaweza kupofusha au kuua. Giza la macho linaweza kuchelewa hata siku nzima, kwa hiyo mtu akimeza au akivuta mvuke mwingi apelekwe hospitali akiwa bado anajisikia vizuri, na daktari aambiwe neno "methanoli". Kostiki ikiingia machoni ni maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Siki haiwekwi machoni.

Dalili: saa 12 zimepita na hakuna tabaka

Chombo kina kitu kimoja tu cha kahawia, chepesi, kisicho na mstari. Hapa kemia haikuanza, au ilianza ikafa. Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza kostiki. Ile iliyokaa na mfuko wazi hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, na taratibu inageuka kaboneti ambayo hapa haifanyi kazi. Yeyusha vipande vichache kwenye maji kidogo, acha ipoe, kisha dondoshea siki. Ikitoa mapovu, imeshageuka. Kipimo hichohicho kinafichua magadi yaliyouzwa kama kostiki: magadi yatatoa povu jingi papo hapo. Magadi yanafaa kulainisha maharage, ila hayatatengeneza baiodizeli hata ukiweka kilo.

Pili methanoli. Pima lita 1 kwenye mizani: kwa nyuzi 20 inapaswa kuwa gramu 791 hivi, na kwa joto la pwani, nyuzi 30, gramu 782 hivi. Ikikaribia 820, kuna maji karibu asilimia 10 na haifai. Mizani haitakuambia kama umeuziwa ethanoli, kwani uzito wao unakaribiana mno. Spiriti ya rangi inayouzwa kwa kuwashia au kusafishia jeraha ni ethanoli yenye maji, na ndiyo chanzo cha mizigo mingi isiyotengana kabisa. Nunua methanoli kwa muuza kemikali, dumu likiwa na lebo na halijafunguliwa.

Tatu, je, kostiki iliyeyuka yote kwenye methanoli? Vipande hutaka kutikiswa na kusubiri, mara nyingine nusu saa na zaidi. Vilivyobaki chini ya dumu havikuingia kazini, na vikimwagwa vikiwa vizima hutengeneza mabonge ya sabuni pale vilipoangukia.

Nne joto na mwendo. Mafuta na methanoli havipendani. Bila kusukumwa kwa nguvu vinakaa kila kimoja upande wake. Kukoroga kwa mti hakutoshi kwa lita 20. Tumia pampu ya kuzungusha kutoka chini kurudi juu, na uhakikishe mota yake haitoi cheche karibu na mvuke. Chini ya nyuzi 45 mwendo unakuwa wa polepole, na mafuta ya mawese yenye mgando yatabaki na mabonge yasiyoguswa.

Yote hayo yakiwa sawa, basi kosa liko kwenye titresheni.

Dalili: titresheni inatoa namba isiyoaminika

Hapa ndipo pa kukaa, maana kipimo hiki cha dakika kumi ndicho kinachoamua mzigo mzima. Unayeyusha gramu 1 ya kostiki katika lita 1 ya maji yaliyotoneshwa. Unachukua mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za alkoholi ya isopropili, unatia kiashiria (dawa inayobadilika rangi asidi ikiisha), kisha unadondosha maji ya kostiki kwa bomba la sindano hadi rangi ibadilike. Mililita ulizotumia ndizo gramu za kuongeza kwa kila lita.

Rangi inakuja na kupotea. Hilo ni la kawaida. Hewa ya ukaa huifuta. Rangi ikikaa sekunde 10 hadi 15 huku unazungusha chupa, simama na usome. Anayeendelea kufukuza rangi ya kudumu atapata namba kubwa kuliko haki, na ziada hiyo yote itaozesha mzigo kwa sabuni.

Mafuta hayayeyuki, yanakaa matone matone. Alkoholi yako ni ile ya famasi ya asilimia 70. Inatakiwa ya asilimia 99. Kupasha chupa ndani ya maji ya uvuguvugu pia kunasaidia.

Namba hubadilika kila ukirudia. Mara nyingi ni mizani. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haiwezi kupima gramu 1. Kosa laweza kufika nusu nzima. Pima gramu 10, yeyusha kwenye lita 1, kisha chukua mililita 100 za maji hayo uongeze maji yaliyotoneshwa hadi lita 1. Au tafuta mizani ndogo kama ya masonara. Sababu ya pili ni sampuli: mafuta ya mawese hujitenga, mgando chini na majimaji juu, na asidi haigawanyiki sawasawa. Pasha, koroga dumu zima, ndipo uchote.

Namba ni kubwa hata kwa mafuta mapya. Mafuta mapya ya dukani yanapaswa kusoma kati ya 0 na 0.5. Yakisoma 2, chunguza alkoholi: inaweza kuwa na asidi yake yenyewe. Idondoshee maji ya kostiki ikiwa tupu hadi ipate rangi hafifu, ndipo utie mafuta na uanze kuhesabu. Chunguza na maji pia. Maji ya betri yaliyotoneshwa yanafaa, lakini kwenye rafu hilohilo hukaa asidi ya betri, na chupa zinafanana. Soma lebo.

Kiashiria kizuri ni fenoftalini, inayogeuka waridi. Usipoipata, manjano ya jikoni yanafanya kazi: loweka kijiko cha unga wa manjano kwenye alkoholi ileile, chuja, tumia matone kadhaa. Rangi itatoka njano kwenda wekundu wa matofali. Kwa mafuta meusi sana ambapo rangi haionekani, ongeza alkoholi hadi mililita 20, ila mafuta yabaki mililita 1 ileile.

Namba ikishapatikana, isome hivi. Kila mililita 1 ni sawa na asidi huru ya asilimia 0.77 hivi. Titresheni ya 1 hadi 2 ni mafuta mazuri ya kibanda kinachobadilisha mafuta mapema. Ya 3 hadi 4 bado inawezekana, ukitegemea sabuni na hasara. Ikipita 5, usiyatumie peke yake. Changanya na mafuta bora hadi jumla ishuke chini ya 3. Njia nyingine ni kutumia gliserini ya mzigo uliopita: imimine kwenye mafuta mabaya yaliyopashwa nyuzi 55 au 60, changanya nusu saa, acha yatuame, toa chini. Kostiki iliyobaki ndani yake huua sehemu ya asidi, na gliserini huondoka na maji pia. Kumbuka kwamba gliserini hiyo bado ina methanoli, kwa hiyo hakuna moto karibu. Pima upya titresheni baada ya hapo. Kuna njia ya asidi ya salfuriki kwa mafuta mabovu zaidi, lakini kwa nyumbani hatuishauri.

Dalili: mzigo wote umekuwa uji au jeli

Umefungua asubuhi na kijiko kinasimama. Hii ni sabuni iliyofunga kila kitu pamoja, na kuna mambo mawili ya kuangalia: kostiki iliyozidi au maji.

Maji ndiyo mara nyingi zaidi. Viazi vibichi huingia kwenye mafuta na unyevu, dumu la kukusanyia huoshwa na kufungwa likiwa bichi, na mvua huingia pipa lililo nje. Mbele ya kostiki, maji huvunja mafuta kuwa asidi, na asidi hiyo inakula kostiki na kuwa sabuni. Titresheni haikuonyesha hilo kwa sababu asidi hiyo haikuwepo wakati unapima.

Jaribu kabla, si baada. Mimina mafuta kidogo kwenye kikaango kikavu na uyapashe hadi nyuzi 130. Yakichachatika au kurusha vitone, yana maji. Mwenye mizani nzuri apime gramu 100, apashe hadi 120 sauti iishe, apime tena: gramu zilizopungua ndizo asilimia za maji. Lenga chini ya nusu gramu.

Kukausha, pasha pipa hadi nyuzi 60, funika, uache litulie saa 24, kisha fungua koki ya chini utoe maji na machicha. Kwa mafuta mengi hiyo inatosha na inaokoa kuni. Yakibaki na maji, chemsha hadi 110 au 120 bila kufunika hadi yanyamaze, huku ukikoroga tangu mwanzo. Maji yaliyotulia chini ya mafuta ya moto yakigeuka mvuke ghafla hurusha mafuta nje ya pipa, na watu wameungua hivyo. Usiyachemshe kwa saa nyingi pia; moto mrefu huongeza asidi ileile unayoikimbia.

Uji uliokwisha tokea huokolewa kwa sehemu tu. Upashe polepole ndani ya maji ya moto, mbali na mwali, hadi nyuzi 55. Ukipata tabaka, toa lililo juu na ulishughulikie kama mzigo usiokamilika. Ukibaki uji, hiyo ni sabuni chafu ya kusugulia sakafu ya karakana, na hata hivyo baada tu ya kuachwa wazi nje siku nyingi methanoli itoke.

Usichanganye dalili hii na gliserini iliyoganda peke yake chini, huku baiodizeli ya juu ikiwa safi na nyepesi. Hiyo si kosa. Gliserini ya kostiki ya sodiamu huganda ikipoa chini ya nyuzi 38 hivi, hasa kwa mawese na mafuta ya wanyama. Itoe mapema ikiwa bado vuguvugu, au hamia potasiamu, ambayo gliserini yake hubaki majimaji.

Dalili: matabaka ni mazuri, lakini mafuta hayajakamilika

Macho hayatoshi. Baiodizeli ya asilimia 85 na ile ya 98 zinafanana kwenye chupa. Chukua methanoli mililita 27, tia baiodizeli mililita 3, tikisa, acha nusu saa. Ikiyeyuka yote na chini pakabaki safi, umefaulu. Matone yaliyokaa chini ni mafuta yasiyogeuka: mililita 0.3 ni takriban asilimia 10 ya mzigo.

Joto la kipimo hiki ni nyuzi 20 hadi 22, na Dar es Salaam au Mombasa hapo ndipo watu hujidanganya. Kwa nyuzi 31 methanoli inayeyusha hata ambacho kingepaswa kuanguka, na mzigo mbovu unaonekana mzuri. Weka chupa zote mbili kwenye beseni la maji baridi hadi kipimajoto kisome 22, ndipo uchanganye.

Ukifeli, toa gliserini yote, usioshe bado, na urudie kwa mililita 100 za methanoli na gramu 3 za kostiki kwa kila lita. Jaribu kwanza kwenye chupa ya lita 1. Titresheni haihitajiki tena kwa sababu asidi ilishageuka sabuni. Kama ulikuwa umeshaosha, kausha kabisa kwanza.

Wanaofeli kila mara kwa pengo dogo wagawe dawa mara mbili tangu mwanzo. Changanya methanoli na kostiki yote, tumia asilimia 80 kwa saa moja, acha itulie, toa gliserini, kisha tia asilimia 20 zilizobaki kwa saa nyingine. Gliserini ikiondoka katikati, kemia inapata nafasi ya kusonga mbele.

Dalili: ukiosha, maji na mafuta yanageuka maziwa

Kabla ya kuosha mzigo, tikisa kwa nguvu nusu kwa nusu baiodizeli na maji kwenye chupa kwa sekunde 10. Nzuri hutengana ndani ya nusu saa na kuacha mstari safi. Likitokea tabaka jeupe kama krimu katikati ambalo haliondoki, usiguse pipa kubwa kwanza. Rudi kwenye kipimo cha 27 kwa 3. Ukifeli, tatizo ni mafuta yaliyogeuka nusu, ambayo hushikana na maji hata sabuni ikiwa kidogo, yarudie. Ukifaulu, ni sabuni nyingi, na dawa ni upole. Nyunyiza maji ya uvuguvugu ya nyuzi 45 juu ya pipa kama manyunyu, yashuke yenyewe bila kukoroga, toa chini, rudia. Mara tatu au nne maji yatatoka angavu, na hapo kuosha kumekwisha.

Pipa lililokwisha kuwa maziwa, liache saa 24. Likikataa, lipashe hadi nyuzi 55 na unyunyize maji ya chumvi, gramu 20 kwa lita. Siki ni ya mwisho. Inavunja maziwa haraka, lakini inafanya hivyo kwa kurudisha sabuni kuwa asidi huru, na asidi hiyo inaingia kwenye mafuta yako na kwenda kula pampu.

Dalili: safi baada ya kuosha, lakini ina ukungu

Ukungu ni maji. Iache wazi kwenye chombo kipana juani, au ipashe hadi nyuzi 50 huku ukiirusha hewani kwa pampu na bomba la manyunyu. Ikikauka utasoma gazeti kupitia chupa. Hakikisha kwa kikaango: hakuna kuchachatika. Ukungu unaoondoka kwa joto na kurudi kila asubuhi, huku kikaango kikiwa kimya, si maji. Soma sehemu inayofuata.

Dalili: inaganda usiku

Mafuta mengi ya kukaangia yanayouzwa kwetu ni ya mawese, na baiodizeli ya mawese huanza kufanya wingu kwa nyuzi 13 hadi 16. Pwani hutaona tatizo mwaka mzima. Njombe, Mbeya, Limuru au Kabale mwezi wa Juni na Julai, usiku hushuka chini ya hapo na filta huziba kabla jogoo hajawika. Hakuna kosa la utengenezaji hapa, na hakuna kiasi cha kostiki kitakachobadilisha jambo hili; ni asili ya mafuta. Baiodizeli ya alizeti huvumilia baridi zaidi, kwa hiyo huko nyanda za juu tafuta vibanda vinavyokaangia alizeti. La sivyo changanya asilimia 20 ya baiodizeli na 80 ya dizeli. Au iache nje usiku wa baridi kwenye ndoo ndefu, kisha asubuhi mapema umimine iliyo majimaji na ubakize mgando chini kwa matumizi ya pwani au ya mchana.

Punje nyeupe zinazokaa chini hata kwa nyuzi 25 ni jambo jingine: ni sabuni au mafuta yaliyogeuka nusu. Chuja kwa mikroni 5 na upime mzigo upya.

Dalili kwenye injini

Filta inaziba wiki ya kwanza, na ndani kuna uchafu mweusi. Mara nyingi si mafuta yako. Baiodizeli inayeyusha masizi na utando uliojengwa na dizeli miaka mingi ndani ya tangi. Kuwa na filta mbili za akiba na uanze na asilimia 20. Utando ukiisha, kuziba kunakoma. Uchafu ukiwa mweupe au wa kunata kama nta, ni wako.

Mipira inavimba, inalainika, inavuja. Mpira wa asili na nitrile za zamani haziwezi baiodizeli safi. Badilisha na mipira ya Viton, aina inayostahimili baiodizeli. Viungo vya shaba na matangi ya bati la zinki huozesha mafuta na kuyapa rangi ya kijani au utelezi, ondoa.

Nguvu imepungua kidogo. Asilimia 8 hivi ni kawaida, kwa sababu nishati ya lita moja ni ndogo kuliko ya dizeli. Ikipungua zaidi, filta imeanza kuziba.

Moshi mweupe na kukohoa asubuhi. Mafuta hayajakamilika au yana maji. Usiendelee kuendesha; gliserini iliyobaki huungua kwenye ncha za nozeli na kuacha ukoko, na ukarabati wa nozeli ni ghali kuliko pipa zima.

Jenereta, trekta na mashine za kusaga za pampu ya kizamani zinavumilia haya yote vizuri. Magari mapya yenye sindano za shinikizo kubwa na kichujio cha masizi kwenye ekzosi usiyawekee mafuta ya nyumbani. Baiodizeli huvuja hadi kwenye oili ya injini, haivukizi kama dizeli, na oili inakuwa nyepesi bila dereva kujua.

Dalili: mafuta yaliyohifadhiwa yananuka kama rangi ya mbao

Yameoza kwa hewa. Baiodizeli huchukua oksijeni na kutengeneza asidi na utomvu unaonata. Jaza dumu hadi juu, funga, weka kivulini, tumia ndani ya miezi 3 hadi 6. Utelezi mweusi chini ya dumu ni vijidudu vinavyoishi kwenye maji yaliyojikusanya: mimina yaliyo juu, chuja, kausha, na dumu lenyewe lioshwe na likauke kabisa kabla ya kurudi kazini. Mafuta yaliyonuka unaweza kuyapima titresheni kama ya kukaangia. Yakisoma zaidi ya 1, usiyatie kwenye injini. Yachanganye kidogo kidogo kwenye mizigo mipya ya mafuta mabichi, kabla ya kupima titresheni ya mchanganyiko wote.